Swali na Kumbukumbu: Tahakiki ya Kipindi cha "Meet the Press"

Wahakiki wa Kiswahili aghalabu wameyaachia mahojiano ya kisiasa wanahabari, kana kwamba si utanzu wa usemi wenye kaida zake. Makala haya yanadai kinyume chake. Tukichunguza historia ya "Meet the Press", kipindi kilichodumu kuliko vyote katika televisheni ya Marekani, tunabaini kwamba mabadiliko yake makuu yalihusu muundo wa swali, na kwamba nguvu iliyokipa sifa ndiyo pia iliyoficha udhaifu wake.

Kipindi kilianza redioni mwaka 1945, kikaingia katika televisheni ya NBC tarehe 6 Novemba 1947. Waasisi wake, Martha Rountree na Lawrence Spivak, walimweka mgeni mmoja mbele ya jopo la waandishi wa habari. Katika muundo huo swali halikuwa na mmiliki mmoja. Kila mwandishi aliuliza kwa upande wake, na mgeni alilazimika kugeuka huku na huku. Mwaka 1959 Tom Mboya, kijana wa miaka 28 kutoka koloni ambayo bado haikuwa na televisheni, alilikabili jopo hilo mbele ya hadhira ya Wamarekani. Kwa mtu kama huyo, kujibu kulikuwa pia kupigania haki ya kusikika.

Hata hivyo, wingi wa wahoji haukulifanya swali lisiegemee upande. Tarehe 17 Aprili 1960 Martin Luther King aliulizwa kanisa lake lilikuwa na waumini weupe wangapi. Kwa sura, hilo ni swali la idadi. Kwa maana, ni shtaka la unafiki. King hakulikwepa. Alilipanua hadi likawa aibu ya taifa zima, ambalo utengano wake wa rangi hudhihirika zaidi saa tano asubuhi ya Jumapili, wakati wa ibada. Hapa mhojiwa anaupindua msingi wa swali, jambo ambalo mapokeo yetu ya kujibizana kwa mashairi yanalitambua vyema: mjibu hodari hulichukua neno la mwenzake na kulirudisha likiwa na uzito mwingine.

Enzi ya Tim Russert (1991–2008) ilileta mhoji mmoja mwenye mamlaka, na mwaka 1992 kipindi kikawa cha saa nzima. Mbinu yake mashuhuri ilikuwa kuonyesha kwenye skrini maneno ya zamani ya mgeni, kisha kumtaka ayalinganishe na msimamo wake wa sasa. Swali likawa kumbukumbu. Faida yake haikanushiki, kwani mwanasiasa hustawi pale umma unaposahau.

Lakini kumbukumbu hufichua ukinzani tu; haina uwezo wa kufichua uongo mpya usiopingana na kauli yoyote ya awali. Tarehe 16 Machi 2003, siku chache kabla ya vita vya Iraq, Makamu wa Rais Dick Cheney alidai katika kipindi hicho kwamba majeshi ya Marekani yangepokewa kama wakombozi. Mwaka 2007, katika kesi ya Lewis Libby, aliyekuwa msaidizi wa mawasiliano wa Cheney alieleza mahakamani kwamba ofisi yao ilikiona kipindi hicho kuwa jukwaa ambalo wangeweza kuudhibiti ujumbe wao. Yaani ukali wa mhoji ulikuwa sehemu ya faida ya mhojiwa: aliyetoka salama kwa Russert alionekana amepita mtihani.

Yamkini msomaji atapinga kwamba hakuna mhoji awezaye kujua siri za serikali. Ni kweli. Hoja yetu si kwamba Russert alikosa bidii, bali kwamba utanzu wenyewe, ulipompa mtu mmoja kiti cha jopo, ulipunguza pembe ambazo kauli ingeweza kushambuliwa kutoka kwazo. Tangu Septemba 2023 kiti hicho kimo mikononi mwa Kristen Welker, na tatizo hilo la kifani limebaki palepale. Kwa hiyo mhakiki anayetathmini mahojiano, ya huko au ya kwetu, asiridhike kuuliza iwapo swali lilikuwa kali. Aulize pia ni jibu gani ambalo muundo wa swali hilo uliliacha lipite bila kuguswa.