Kura ya Mkulima na Mlango wa Uteuzi: Somo la Uchaguzi wa 1965

Uchaguzi wa Bunge wa Septemba 1965 umesifiwa sana kuwa ni ushahidi kwamba demokrasia inaweza kustawi ndani ya Chama kimoja. Lakini kazi ya kada haiishii katika kusifu. Yampasa aulize: baada ya kura kuhesabiwa, uamuzi wa umma uliheshimiwa kwa kiasi gani?

Utaratibu wake unafahamika. Mkutano wa TANU wa Wilaya uliwapigia kura waombaji, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wote walipanda jukwaa moja lililoandaliwa na Chama, wakikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Utaratibu huo ulimnyima mwenye fedha nafasi ya kununua jukwaa. Papo hapo, mwananchi alichagua kati ya majina yaliyokwisha kuchujwa na vikao.

Hata hivyo umma ulihukumu. Miongoni mwa walioangushwa alikuwa Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyegombea Mwanza. Kiongozi aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba, VFCU. Kwetu Ngulyati, na Bariadi kwa jumla, jambo hili si la mbali, maana pamba ndiyo maisha yetu na ushirika huo ulienea Usukuma. Heshima ya mwasisi haikutosha kumwokoa mbele ya wapiga kura.

Baada ya hapo, Rais alimteua kuwa Mbunge, akabaki katika Baraza la Mawaziri. Wapo wanaotetea hatua hiyo kwa kusema kuwa Taifa changa lilikuwa na upungufu wa viongozi wenye ujuzi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ina upande wa pili: mkulima akimkataa kiongozi kwa kura, kisha akamwona anarudi kwa uteuzi, atajifunza nini juu ya nguvu ya kura yake? Manung'uniko ya wakulima hayakuwa ya upuuzi. Mwaka 1966 Serikali yenyewe iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika, na baadaye VFCU ikavunjwa.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini suala hili halikuondoka. Katiba bado inampa Rais nafasi za kuteua Wabunge hadi 10, na ndani ya CCM kura za maoni hupitiwa na vikao vya juu kabla ya mgombea kuteuliwa. Vikao vina haki ya kuchuja, lakini vina wajibu wa kueleza. Kikao kinachotengua chaguo la wanachama kirudi tawini na sababu zake. Bila maelezo hayo, uongozi hujitenga na umma, na mwanachama hubaki mtazamaji katika Chama chake mwenyewe.