Kupanga na Kupangiwa: Kuisoma Upya Gamba la Nyoka

Kwa miaka mingi riwaya ya Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi imefundishwa katika idara yetu kwa sentensi moja: kwamba inaeleza kushindwa kwa siasa ya ujamaa vijijini nchini Tanzania. Wanafunzi huinakili sentensi hiyo, huikariri, kisha huturudishia kwenye karatasi ya mtihani, nasi tunaipa alama. Tukiri mapema kuwa kosa hili ni letu pia. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja kutoka Bugisu aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, nyanya yangu alikuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa na mpaka leo anausifu. Je, naye alikuwa amedanganywa?" Siku ile hatukuwa na jibu la maana. Haya tunayoandika ni jibu lililochelewa.

Riwaya ilitoka mwaka 1979. Mwandishi alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, na vijiji anavyovisawiri ni vya watu wa ziwani aliowafahamu vizuri. Mambosasa na Mamboleo ni vijana wasomi waliotumwa kuwaletea wanakijiji maisha mapya. Majina yao yanachekesha kabla hawajafanya lolote, na msomaji wa zamani hakosi kukumbuka kuwa Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni Tanganyika, lililoanza mwaka 1923. Habari za leo zilianza kuletwa kutoka juu zamani sana! Watu wa Kisole wanakataa kuhama, na kukataa kwao kunawagharimu.

Nyuma ya hadithi hii kuna historia ambayo mwanafunzi wa Uganda hana budi kupewa. Mwaka 1967 waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya ujamaa vijijini ulisema watu washawishiwe, wasilazimishwe. Novemba 1973 yeye mwenyewe alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekwisha kufikia mwishoni mwa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Neno operesheni, ambalo ni neno la jeshi na la hospitali, likawa sehemu ya lugha ya maendeleo.

Tumesema walihamishwa. Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapoweza kuona jambo ambalo mwalimu wa historia analipita. Katika somo la mnyambuliko wa vitenzi tunawafundisha wanafunzi hama, hamia, hamisha, hamishwa, kana kwamba ni ngazi za kupanda na kushuka tu. Lakini anayehama na anayehamishwa, hata wakifika mahali pamoja siku moja, hawajafanya safari moja. Vivyo hivyo kupanga na kupangiwa. Tena Kiswahili kina kejeli yake hapa, kwa sababu mpangaji ni mtu anayeweka mipango, na pia ni mtu anayelipa kodi katika nyumba isiyo yake. Mwanakijiji wa miaka ile aliahidiwa kuwa mpangaji kwa maana ya kwanza, akajikuta mpangaji kwa maana ya pili.

Kwa maoni yetu, riwaya hii inahusu hilo hasa. Watu wa ziwani hawakuwa wageni wa kushirikiana. Wakulima wa pamba wa eneo hilo walikuwa wameunda vyama vyao tangu miaka ya 1950 mwanzoni, kwa sababu iliyo wazi: mizani ya wafanyabiashara ilikuwa ikiwapunja. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika shirikisho kubwa chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwandishi wetu alikuwa mtoto wa miaka 11. Mtu aliyewahi kuchagua karani wake wa mizani, na kumwondoa akiiba, hawezi kufundishwa neno ushirika na kijana aliyeshuka jana kutoka chuoni. Na mwaka 1976, amri ya vijiji ikiwa bado moto, serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Wakulima walisogezwa pamoja, huku wakinyang'anywa chombo cha umoja walichokijenga wenyewe.

Kwa hiyo mhakiki anayesema wanakijiji wa riwaya hii wanapinga ujamaa kwa ujinga au kwa kung'ang'ania mila anarudia hotuba ya afisa, hafanyi uhakiki.

Tunaweza pia kuitoa Ruvuma. Kijiji cha Litowa na vijiji vingine vya jirani vya Songea, zaidi ya kumi, viliungana katika chama chao cha maendeleo kuanzia mwaka 1963. Wanachama walikutana, wakagawana kazi, wakaamua shamba la pamoja liwe la ukubwa gani, wakawa na shule iliyofuata mahitaji yao. Mwalimu Nyerere alivipenda vijiji hivi. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Kwa hiyo si kweli kwamba kijiji cha kujiendesha kilijaribiwa kikashindwa. Hapa kilikuwa kinakwenda kikasimamishwa. Sentensi yetu ya mtihani haina nafasi ya Litowa.

Je, riwaya yenyewe inayo nafasi hiyo? Hapa tunatofautiana na wanaomsifu Kezilahabi bila kipimo. Kicheko chake ni kikali na kinawapata wote, msomi, padri, kiongozi na mwanakijiji, na katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) alikuwa ameshaonyesha jinsi mgogoro wa ardhi unavyoweza kufikia kuua. Lakini kazi ya kila siku ya kuendesha kijiji haipewi upana tulioutaka: mkutano wa mapato na matumizi, ugomvi wa zamu, nani akae na ufunguo wa ghala, mjane asiye na nguvu za kulima ahesabiwe vipi. Tunaona watu wakipangiwa, lakini hatuwaoni vya kutosha wakipanga. Pengine ndiyo sababu msomaji anafunga kitabu akidhani kuwa kupanga hakuwezekani. Gamba lenyewe ni fumbo lisilokwisha: nyoka akijivua, ni nyoka mpya au ni yule yule anayeng'aa? (Wanasiasa wa chama tawala cha Tanzania waliazima usemi wa kujivua gamba mwaka 2011, na swali likabaki pale pale.)

Walimu wenzetu watauliza haya yanatuhusu nini huku kwetu. Yanatuhusu. Mpango wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa Uganda mwaka 2022 ulitenga shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, zipitie chama cha akiba na mikopo cha wanachama wenyewe. Wanafunzi wetu wana wazazi katika vyama hivyo, na wanajua kama baba alichagua mradi wa nguruwe au alichaguliwa. Wanaijua tofauti ya vitenzi hivi kuliko sisi.

Tulimjibu hivyo yule mwanafunzi wa Bugisu, wiki tatu baadaye. Nyanya yake hakudanganywa. Alikuwa mwanachama, na uanachama haukuwa amri. Kisha tukalipa darasa zoezi: andikeni kumbukumbu za mkutano wa Kisole uliofanyika kabla ya amri kufika, wanakijiji wakijadili miaka kumi ijayo. Kazi nyingi zilikuwa hotuba. Kazi yake ilikuwa na kurasa nne, na kurasa tatu kati ya hizo zilihusu nani atashika ufunguo wa ghala.