Kunasa Nukta Penye Kina

Ukitaka kumjua mchoraji hodari wa ramani za nyumba kwa kompyuta, usitazame kasi ya mkono wake. Mtazame anavyoikaribia kona. Mshale wa kipanya unasogea, kimraba kidogo kinawaka kwenye ncha ya mstari, naye habonyezi bado. Anahakikisha kwanza kwamba hiyo ndiyo ncha anayoitaka, wala si jirani yake. Ndipo abonyeze.

Kimraba kile ni alama ya mnaso, yaani ishara kwamba programu iko tayari kuishika nukta hiyo hasa. Katika programu ya AutoCAD kila aina ya nukta ina alama yake: mraba kwa ncha, pembetatu kwa katikati ya mstari, duara kwa kitovu, X kwa makutano. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoitoa programu yake ya Sketchpad kule MIT, kalamu ya mwanga ilipokaribia mstari uliokwisha chorwa, kompyuta iliishika nukta iliyo juu ya mstari huo barabara, hata mkono wa mchoraji ukitetemeka.

Kwenye mchoro bapa kazi hii ni nyepesi. Ugumu unaanza mhimili wa Z, ule wa kimo, unapoingia, kwa sababu kioo cha kompyuta hakina kina. Itazame nyumba kutoka juu: kona ya msingi, kona ya sakafu na kona ya juu ya ukuta zote zinaangukia mahali pamoja. Mnaso utashika mojawapo, na mchoro utaonekana hauna kasoro yoyote.

Chukua paa linaloteremka pande zote nne, juu ya nyumba yenye upana wa mita 6, mteremko wa nyuzi 30. Mgongo wa paa unapita katikati, mita 3 kutoka kila ukuta mrefu, na unaanzia mita 3 ndani ya ukuta mfupi. Kutoka usawa wa juu wa ukuta hadi mgongoni ni mita 1.732. Sasa ije mbao ya kona, ile inayopanda kutoka pembe ya ukuta hadi mwanzo wa mgongo. Urefu wake halisi ni mita 4.583. Mchoraji akinasa ncha zote mbili katika usawa wa ukuta, atapata mita 4.243. Ukitazama kutoka juu, mistari hiyo miwili haitofautiani hata chembe. Seremala akikata kwa kipimo cha pili, mbao itapungua sentimita 34, na mbao iliyokwisha kukatwa fupi haina dawa.

Hapa ndipo ninapovutiwa na watu wa kazi hii. Kabla ya kunasa, aliye makini anashika Shift, anabonyeza gurudumu la kipanya na kuizungusha nyumba kidogo, mpaka kona zilizokuwa zimelaliana ziachane. Alama ikiwaka pasipotakiwa, anagusa Tab mpaka programu imfikishe kwenye nukta anayoikusudia. Na pale ambapo nukta haipo bado, anaijenga kwa vipande: anaandika .XY, ananasa nukta ya chini ili achukue mahali pake tu, kisha anaipa kimo kwa tarakimu. Mwanzo wa mgongo wa paa letu hupatikana hivyo hivyo, bila kukisia.

Anachagua pia minaso ya kuacha wazi. Wanaoanza huwasha yote, wakidhani wingi ni usalama, na alama zinaanza kugombania mshale. Mbaya zaidi ni mnaso wa nukta iliyo karibu, kwa kuwa unakubali popote juu ya mstari: milimita moja kabla ya ncha, na macho hayaoni kitu. Kwa maoni yangu huo uwashwe kwa kazi moja tu, kisha uzimwe papo hapo.

Kuna pia mpangilio uitwao OSNAPZ. Ikiwekwa 1, kila nukta inayonaswa inapelekwa kwenye kimo kilichowekwa kwa uchoraji wakati huo. Ni msaada mkubwa ukichora ramani ya sakafu juu ya umbo lililokwisha kusimama. Ukiisahau hapo, mbao yako ya kona italala chali kwenye kimo hicho kimoja, hata kama umenasa ncha sahihi kabisa. Ndiyo maana mchoraji mzoefu huangalia thamani hiyo kabla ya kugusa mstari wowote.

Nawe unayejifunza, lichore paa lile leo, kisha uichague mbao ya kona na uandike amri ya LIST. Isipokupa 4.583, soma Z ya kila ncha kabla hujafuta chochote.