Michael Jackson Mwingine na Ladha ya Bia

Huyu si yule wa muziki. Ni mwandishi wa habari Mwingereza, na kitabu chake The World Guide to Beer kilitoka mwaka 1977. Alizipanga bia kwa aina na kwa mahali zinakotoka. Waliomwiga kwenye aina ni wengi, mahali wamepaacha. Leo mtu anapiga picha chupa, anatoa nyota 4, basi.

Jackson aliipigia debe sana lambic, bia ya Brussels na vijiji vya jirani. Maji ya kimea na ngano yaliyochemshwa huachwa wazi usiku kucha yapoe, hamira za hewani zijiingilie, kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao hata miaka 3. Ukishajua hayo, uchachu wake haukushtui tena.

Nilionja gueuze hukohuko Brussels, yaani lambic changa na kongwe zikichanganywa. Ulitangulia ugwadu wa ukwaju, halafu ukakasi wa ganda la ndizi mbichi. Maneno tunayo, jamani! Ila tukiandika kuhusu bia tunajua "tamu" na "kali" tu.

Chupa niliyorudi nayo Dar nilimmiminia shangazi, mtu wa Moshi. Akanusa, akaonja: "Hii ni mbege iliyolala." Mbege ya ndizi na ulezi hubadilika siku hadi siku, na wanywaji wake wanajua kuisoma.

Kasoro ya Jackson, kwangu, ni upole: bia mbovu anaipita kimya. Shangazi hakumaliza glasi, na alisema kwa nini.