Portia katika Lugha Isiyotenga Mume na Mke

Katika karne ya 16 waandishi wa Ulaya walibishana sana juu ya tabia impasayo mwanamke. Mhispania Juan Luis Vives, katika kitabu chake cha mwaka 1524, alitaka binti asomeshwe, lakini elimu hiyo imlinde katika usafi na unyamavu, wala asisimame mbele za watu kufundisha. Kwa fikira za namna hiyo uanamke ulikuwa mpaka: aliyekaa ndani yake alisifiwa, aliyeuvuka alilaumiwa. William Shakespeare aliupima mpaka huo jukwaani, na mfano ulio wazi ni Portia, katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*.

Portia ni tajiri, lakini hana hiari ya kuchagua mume. Wosia wa marehemu baba yake wamfunga: ataolewa na yule atakayebahatisha kisanduku kilicho sahihi kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Na amkabidhipo Bassanio nafsi yake, nyumba na mali vyafuata. Binti huyu ndiye aokoaye maisha ya Antonio mahakamani. Lakini ili asikilizwe, hana budi kuvaa mavazi ya kiume na kujidai kuwa mwanasheria. Hoja yake haihitaji uanaume. Yatoka katika hati yenyewe: nyama imetajwa, damu haikutajwa.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoleta jambo lisilokuwamo katika Kiingereza. Kwa Kiingereza, kila mwanasheria huyo atajwapo, kiwakilishi chenyewe humfanya mwanamume, naye mtazamaji aijuaye siri hucheka. Kiswahili hakina njia hiyo; “amesema” ni ya mume na ya mke. Msomaji wa Nyakakika, huko Karagwe, aliyelelewa kwa Kinyambo kabla ya kukutana na Kiswahili shuleni, hakosi kuliona hilo kuwa la kawaida, maana lugha zake zote mbili haziulizi. Basi kicheko kimoja chapotea katika tafsiri, lakini faida yapatikana: akili ya Portia yasimama peke yake, na kinachomficha ni joho na cheo tu.

Hata hivyo yafaa kutahadhari. Sarufi isiyobagua haikuondoa ubaguzi. Kiswahili hicho hicho husema “jikaze kiume”, na kwa hiyo masimango ya mke wa Macbeth, amwambiapo mumewe kwamba amekosa uanaume, hayahitaji maelezo marefu kwa msomaji wa *Makbeth* ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Lugha haikuweka mpaka katika kitenzi. Desturi iliuweka katika mali.

Mkoa wa Kagera wenyewe ulitoa ushahidi. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyeachiwa ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake akashtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba sheria hiyo yapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kuiuza.

Wosia wa baba ulimfunga Portia; huyu ulimpa mali. Portia alishinda kwa jina la kuazima. Huyu alishinda kwa jina lake mwenyewe. Msomaji ayaonaye hayo mawili pamoja ataacha kuustaajabia werevu wa joho, naye ataiuliza tamthilia swali lililo zito zaidi: kwa nini mahakama ya Venisi ilihitaji kudanganywa ili isikie haki?