Jaribio na Ushindanishaji: Istilahi Mbili za Uwashaji wa Kompyuta

Neno jaribio limetwikwa mzigo mzito mno katika maelezo ya Kiswahili juu ya kompyuta. Laweza kumaanisha uchunguzi wa kujua kama kitu ni kizima. Tena laweza kumaanisha mashindano ya kujua kipi kina kasi zaidi. Maana hizi zikichanganywa, mtu huacha lisiloachika, au hushikilia lisilo na faida.

Mfano ni keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Sehemu yake ya hesabu za RAID6, ambazo hulinda data iliyogawanywa katika diski kadhaa, hushindanisha mbinu mbalimbali wakati wa kuwaka ili ichague iliyo na kasi. Hata mashine yenye diski moja yaweza kuyapitia mashindano hayo, kwa sababu mfumo wa faili wa Btrfs huitegemea sehemu hiyo. Kila mbinu hupewa mapigo 16 ya saa ya keneli. Mapigo yakiwa 250 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 0.064, na mbinu kumi hula zaidi ya nusu sekunde. Mashine ni ile ile, na mshindi kwa kawaida ni yule yule wa jana. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2019, aundaye keneli aweza kuyaondoa. Data haidhuriki, maana mbinu zote hutoa jibu moja.

Katika Nachingwea na Ruangwa, wilaya jirani za mkoa wa Lindi, kila umeme ukatikapo na kurudi, mashine isiyo na betri huwaka upya na kulipa tena gharama hiyo. Kuiruka ni busara. Lakini Nachingwea yenyewe ni onyo. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 pasipo kwanza mashamba madogo ya kupimia udongo na mvua, kwa kuhofia kuchelewa. Uliachwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Lililorukwa hapo lilikuwa jaribio la kweli.

Kwa hiyo yafaa jaribio libaki kwa uchunguzi wa uzima, na ushindanishaji wa kasi uitwe kwa jina lake. Fundi aambiwapo aruke ushindanishaji, hataruka ukaguzi wa diski.