Pongezi kwa wanaopima ardhi yetu

Mkumbara, Korogwe, iko chini kabisa ya Milima ya Usambara. Juu kuna mvua na mashamba ya mboga. Chini ni mkonge na bonde kavu la Mkomazi. Enzi za Wajerumani magogo ya msitu wa Shume, kule juu, yaliteremshwa hapa kwa njia ya waya hadi kwenye reli. Anayekata mti kule juu na anayesubiri maji huku chini wanahitaji mtu wa kuwapimia ukweli kuhusu udongo na maji yao.

Mtu huyo hufundwa, tena kwa gharama. Mwaka 1967 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzisha BRALUP, ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, ambayo leo ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Wanajiografia wa Dar es Salaam na Uppsala, wakiwamo Len Berry na Anders Rapp, walipima mmomonyoko wa udongo Uluguru na Dodoma, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Kazi yenyewe ni ya jasho: kuchota maji ya mto wakati wa mafuriko, kuyachuja, kukausha tope na kulipima ili kujua udongo uliochukuliwa na maji.

Sweden imesaidia kwa miaka mingi kusomesha wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shahada za uzamivu, na tunaishukuru. Lakini ada peke yake haimfikishi mwanafunzi mtoni. Anahitaji nauli, posho ya msaidizi na gharama za maabara.

Halmashauri na wenye mashamba makubwa, wafadhilini vijana wa uzamili waje kulipima bonde hili, na nakala ya matokeo iachwe ofisi ya kijiji.